Kazi nyingine atakazopangiwa

Naomba nianze kwa kukiri. Wiki mbili zilizopita nilikwenda kwenye shule moja ya sekondari hapa Dar es Salaam nikiwa nimejiandaa kugombana. Sikwenda kutafuta habari, nilikwenda kugombana. Na mtu niliyepanga kugombana naye ni katibu anayekaa nje ya mlango wa mkuu wa shule, yule dada ambaye kila mzazi anamfahamu na hakuna anayemjua.

Sababu ni hii. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko kidato cha nne. Walipobandikiwa orodha ya watahiniwa ili wahakiki majina yao, akakuta jina la baba yake limeandikwa Hamis. Cheti chake cha kuzaliwa kinasema Hamisi. Imepotea herufi moja tu.

Najua wapo watakaosema, ah, herufi moja ni nini bwana. Waulizeni waliowahi kuomba mkopo wa chuo halafu cheti cha kuzaliwa kikasema hivi na cheti cha mtihani kikasema vile. Herufi moja inaweza kukupeleka kwa wakili kula kiapo, ikakurudisha ofisi ya vizazi na vifo, ikakukuta tena miaka kumi baadaye unapofungua faili la ajira. Kabla ya mtihani, herufi hiyo inarekebishwa kwa kalamu. Baada ya mtihani inarekebishwa kwa nauli.

Binti akamwambia mwalimu wa darasa, akaambiwa aende ofisini. Akaenda mara tatu, na mara zote tatu katibu akamwambia "njoo kesho". Mama mdogo akanipigia simu: "Baba, wewe si mwandishi wa habari? Nenda kaongee nao." Watu wanadhani kitambulisho cha gazeti kinafungua milango yote nchini. Hata mlango wa choo cha stendi hakifungui. Lakini mama mdogo akisema nenda, unakwenda.

Nikafika saa 2:30 asubuhi. Shikamoo dada. "Marahaba mdogo wangu, kaa hapo, nakuja." Nikakaa kwenye benchi, nyuma ya wazazi watatu na kijana mmoja aliyeleta ankara ya vifaa vya maabara. Mbele yetu kulikuwa na meza moja, kompyuta moja, printa moja, simu moja ya mezani, kabati la majalada na birika la umeme. Na dada mmoja, wa makamo hivi, miwani puani.

Nikatoa kijidaftari changu. Nia yangu, na hapa nakiri tena, ilikuwa kukusanya ushahidi wa uzembe. Nilitaka nikishaingia kwa mkuu wa shule niweze kusema: mheshimiwa, katibu wako kuanzia saa 2:30 hadi saa fulani alifanya hiki na hiki, wakati wananchi wanasubiri.

Basi bwana, nikaanza kuandika.

Saa 2:40 akaingia mwalimu kijana na flashi mkononi. "Dada, mara moja tu, nitolee nakala 45, kipindi changu saa tatu." Dada akaacha barua aliyokuwa anachapa, akachomeka flashi. Printa ikala karatasi. Akaifungua, akaitoa, akaanza upya. Kabla nakala hazijaisha akaingia mwalimu mwingine: dada, mara moja tu, nipigie hesabu za wastani wa kidato cha pili, jedwali linanisumbua. Kisha simu. Kisha mama mmoja, nadhani wa jikoni, anauliza funguo za stoo, kwa sababu mtunza stoo hayupo na funguo huachwa kwa dada. Kisha mwanafunzi anaumwa tumbo, ameletwa ofisini maana mwalimu wa zamu hajulikani alipo. Dada akamlaza kwenye benchi letu, akatafuta namba ya mzazi, akapiga. Kisha mwalimu wa michezo anataka barua ya kuomba uwanja. Kisha sauti kutoka ndani: "Dada, wageni wangu hawajapata chai!"

Na barua ya kwanza, ile ya saa 2:30, ikawa bado iko kwenye kioo, mshale ukipepesa mwisho wa mstari wa pili.

Mpaka saa 6:00 mchana nilikuwa nimeandika mistari 23. Nikaipitia na kuweka alama ya vema kwenye kila ombi ambalo mtu mwenye akili timamu angesema ni kazi ya katibu: simu, wageni wa mkuu, majalada, barua za ofisi, miadi. Vema zikawa 8. Yakabaki maombi 15. Nikayapitia tena hayo 15 kuona yalitoka kwa nani. Mawili yalitoka kwa mkuu wa shule. Kumi na matatu yalitoka kwa watu ambao sio mabosi wake. Na karibu yote kumi na matatu yalianza kwa maneno yale yale: "Dada, mara moja tu."

Kufikia hapo hasira yangu ilikuwa imehama. Nilikuwa bado nimekasirika, ila sikujua tena nimkasirikie nani.

Zamu yangu ilipofika nikaeleza tatizo. Hakubisha. Alivua miwani akasema: "Hiyo orodha niliichapa mimi." Halafu akanieleza bila kulalamika, kama mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa. Kuandaa orodha ile ni kazi ya ofisi ya taaluma. Mwalimu wa taaluma alikuwa kwenye semina na kompyuta ya ofisi yake ilikuwa mbovu. Akaombwa "asaidie". Majina yalizidi mia mbili, mengine yakiwa yameandikwa kwa mkono na wanafunzi wenyewe. Aliyachapa jioni, siku mbili, baada ya saa za kazi, kwa sababu mchana usingewezekana. "Mchana umeuona mwenyewe," akasema. Na binti alipokuja mara tatu kudai herufi yake? "Alinikuta kwenye mara moja tu za watu."

Akampigia mwalimu wa taaluma, mwalimu akaja, wakafungua orodha, cheti cha kuzaliwa nikakitoa, jina likasahihishwa nikiona kwa macho yangu. Nilitazama saa. Dakika sita.

Dakika sita ndizo zilizokosekana kwa siku tatu. Ndiyo maana naandika.

Sasa tuingie kwenye hoja yenyewe.

Ukisoma matangazo ya ajira za makatibu, yawe ya serikali au ya shule binafsi, utakuta orodha nzuri ya majukumu. Kuchapa barua na nyaraka za kawaida na za siri. Kupokea wageni na kuwaelekeza. Kutunza kumbukumbu za miadi, vikao na safari za mkuu wake. Kutafuta majalada. Kufikisha maelekezo ya mkuu kwa walio chini yake. Halafu mwishoni kabisa kuna mstari mmoja, kwa maneno haya au yanayofanana nayo: kutekeleza kazi nyingine atakazopangiwa na msimamizi wake.

Huo mstari wa mwisho ndio umemeza mingine yote. Ni kama yule mgeni aliyeomba kuingiza kichwa tu ndani kwa sababu ya mvua, sasa hivi amelala kitandani na mwenye nyumba yuko barazani.

Lakini naomba tuusome vizuri, maana mimi naamini mstari wenyewe hauna kosa. Kosa liko kwenye usomaji. Umesema ATAKAZOPANGIWA. Kupangiwa maana yake kuna mpango: kazi ina mahali pake, ina muda wake, na ikiingia yenyewe kuna nyingine imesogea. Kazi inayorushwa mezani na mtu anayepita na flashi haijapangwa, imetupwa. Kisha mstari umesema NA MSIMAMIZI WAKE. Haukusema na walimu wote, mtunza stoo, kamati ya harusi ya mwalimu wa jiografia na kila mwenye miguu ya kufika ofisini. Msimamizi ni mmoja.

Kwa hiyo hoja yangu ya leo ni fupi. Kazi ya ziada sio bure. Kila "mara moja tu" inalipwa na mtu, na mara nyingi anayelipa ni yule aliyekaa benchi, asiye na uwezo wa kuingia nyuma ya meza. Kwa shule, huyo ni mzazi na ni mwanafunzi. Katibu anayekubali kila kitu anaonekana mwema sana kwa walimu, na mkatili kwa mtoto aliyekuja mara tatu. Na katibu huyo hajachagua iwe hivyo. Sisi tumemchagulia.

Tumefikaje hapa? Nilimuuliza shangazi yangu, ambaye alikuwa katibu wa shule mkoani Morogoro enzi za taipureta na mashine ya kudurufu, akastaafu kompyuta zikiwa zimeingia tayari. Nilitegemea aniambie vijana wa siku hizi hawajui kazi. Akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukifikiria.

"Baba," alisema, "taipureta ilikuwa na kelele."

Ilikuwaje, shangazi? Ilikuwa hivi. Mtu akija mlangoni akasikia taipureta inalia, anajua kuna kazi inafanyika na anasubiri kituo. Ukikosea kwenye stensili, kila mtu anaona unapaka rangi ya kufutia na kusubiri ikauke. Nakala 45 zilikuwa ni wino mikononi na mkono kuzungusha. Hakuna mwalimu aliyesema "mara moja tu", kwa sababu alikuwa anaona jasho. Stensili zilikuwa za kuhesabu, kwa hiyo kabla ya kuomba mtu alijiuliza kama kweli anahitaji. Kompyuta imeondoa kelele, imeondoa wino, imeondoa jasho. Kazi imebaki pale pale lakini haionekani. Mwenye flashi anaona katibu amekaa kimya anatazama kioo, anadhani hana kazi. Na anadhani kuchapa ni kubonyeza.

Ongeza na haya mengine. Tangu Januari 2016 ada imefutwa hadi kidato cha nne kwenye shule za umma, na mwaka 2022 ikafutwa kidato cha tano na sita. Ni jambo jema, watoto wamejaa madarasani. Lakini kila mtoto aliyeongezeka amekuja na jalada lake, barua yake, uhamisho wake na mzazi wake. Tuliongea sana kuhusu madawati na madarasa. Sikumbuki kusikia mtu akiongelea meza ya katibu. Na zipo shule nyingi ambazo hazina katibu kabisa, ambako kazi hiyo inafanywa na mwalimu aliyekosa bahati ya kujua kompyuta. Wenye katibu wanadhani wamepata mashine.

Halafu ni mwanamke, mara nyingi. Hilo tusilifiche. Zamani tuliwaita makarani wachapaji, wakawa makatibu muhtasi, wakawa makatibu mahsusi, na siku hizi matangazo ya serikali yanawaita Waandishi Waendesha Ofisi. Majina yamepanda ngazi. Kikombe cha chai kimebaki pale pale. Mwalimu wa kiume anayejua kompyuta anaitwa "mtaalamu" na anaombwa kwa adabu. Dada anayejua kompyuta hiyo hiyo anaitwa "dada" na anatupiwa flashi.

Sasa nawasikia baadhi yenu mkisema: si akatae tu? Aseme hapana.

Ndugu zangu, rahisi kusema ukiwa na kikombe cha kahawa Mikocheni. Kwetu sisi neno hapana, likisemwa kavu kavu mbele ya mtu mzima, ni tusi. Mwalimu atakayekataliwa leo ndiye kesho anamfundisha mtoto wa huyo katibu, ndiye anayekaa kwenye kikao kinachoamua nani abaki nani aondoke. Vikao vyenyewe katibu haingii kama mjumbe. Anaingia kuandika mihtasari. Kwa shule binafsi hali ni mbaya zaidi, mkataba wa mwaka mmoja na mmiliki ambaye akikasirika hahitaji kikao. Na tuwe wakweli, walimu nao wanabebeshwa ya kwao: takwimu hizi leo, takwimu zile kesho, vipindi vingi, madarasa makubwa. Mwalimu anayemtupia dada flashi naye ametupiwa kitu asubuhi hiyo hiyo. Kwa hiyo sisemi walimu ni watu wabaya. Nasema mzigo unatelemka, na ukifika kwa mtu wa mwisho hauna pa kutelemkia tena.

Shangazi hakuwahi kusema hapana kwa miaka yote aliyokaa ofisini. Aliniapia hivyo. Lakini pia, anasema, hakuwahi kubeba kazi ambayo mkuu wake haijui. Nikamuuliza alifanyaje. Nakupeni njia zake, nikiwa nimezichanganya na niliyoyaona kwenye lile benchi.

La kwanza ni daftari. Alikuwa na daftari kubwa mezani, limefungwa kalamu kwa uzi. Anayeleta kazi anaandika MWENYEWE: tarehe, jina lake, kazi gani, anaihitaji lini. Hakuna kuandikiwa. Anasema nusu ya maombi yalifia hapo mlangoni, maana mtu akishika kalamu anagundua kwamba kazi ile angeweza kuifanya mwenyewe, au haina haraka aliyokuwa anaisema. Na yaliyobaki yalikuwa ushahidi. Siku mkuu alipouliza kwa nini barua ya wilayani imechelewa, hakujitetea. Alifungua ukurasa.

La pili, jibu kwa siku badala ya ndiyo au hapana. "Sawa mwalimu, nitakupa Alhamisi asubuhi." Hilo sio kukataa, hakuna wa kukasirika. Lakini limeweka bei. Mwenye haraka ya kweli atasema kwa nini ana haraka. Asiye nayo atapokea Alhamisi, au atakwenda kutafuta fotokopi mtaani. Ile "sawa, weka hapo" ndiyo inayoua, kwa sababu kila mtu anaondoka akiamini yake ni ya kwanza.

La tatu, na hili ndilo kubwa, kazi mbili zikigongana katibu asichague yeye. Achukue zote mbili aingie nazo kwa mkuu: "Mkuu, kuna orodha ya watahiniwa na kuna barua ya uwanja, zote za leo. Ipi isubiri?" Hapo hajakataa kitu. Amemrudishia msimamizi kazi ya kusimamia. Mkuu akisema zote zifanyike leo, basi amejua, na akisikia kesho jina la mtoto limekosewa anajua lilikosewa kwa uamuzi wa nani. Wakuu wengi sio wakatili, ila hawajui. Mlango wao umefungwa na kila kitu kinaishia kwa dada.

La nne ni kutofautisha msaada na kazi. Kumtafutia mzazi mtoto mgonjwa tumbo ni utu, hakuna daftari. Kumchapia mwalimu utafiti wake wa shahada ya uzamili kwenye kompyuta ya shule, saa za shule, ni biashara ya mtu. Mwalimu huyo analipa ada ya chuo, ampe dada hela yake na kazi ifanywe jioni nyumbani. Wengi wanaona aibu kudai. Fundi cherehani haoni aibu.

La tano, zipo kazi za kurudisha hata zikiletwa kwa upole wa malaika. Kupokea ada mkononi "mpaka mhasibu arudi". Kukaa na mtihani ambao haujafanywa kwenye flashi isiyo na mwenyewe. Kuweka sahihi au muhuri kwa niaba ya mtu ambaye hakukuagiza kwa maandishi. Mambo yakiharibika, aliyeomba atasahau kwamba aliomba. Polisi hawaulizi nani alisema mara moja tu.

Na la sita linahusu saa. Hapa shangazi alicheka kwa sababu enzi zake alikaa mpaka giza. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo: saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 9 kwa siku. Zinazozidi ni saa za ziada, zinataka makubaliano, malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida, na hata hizo zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi mambo ya msingi ya ajira yake, pamoja na maelezo ya kazi. Kwa hiyo majina mia mbili ya jioni mbili hayakuwa "kusaidia". Yalikuwa saa za ziada zisizo na jina. Simwambii mtu akimbilie mahakamani. Namwambia aziandike kwenye daftari lile lile, mwisho wa mwezi amwonyeshe mkuu, amuulize kwa heshima: hizi tunafanyaje, tuzilipe au nifidie kwa mapumziko? Swali la heshima lenye tarakimu ni gumu kulikwepa.

Lakini nisimwachie katibu mzigo wote wa kujiokoa. Huo nao ungekuwa ni kumwongezea kazi nyingine! Mkuu wa shule ana yake. Atangaze kwenye kikao cha walimu kwamba kazi za ofisi zinapitia kwake au kwa makamu, na nakala za mazoezi zinaletwa siku moja kabla. Atenge saa moja kila asubuhi ambayo dirisha la ofisi ni la wazazi na wanafunzi tu. Amwite katibu kwenye kikao kama mjumbe, angalau pale ajenda inapogusa meza yake, badala ya kumfanya aandike maamuzi juu ya muda wake ambayo hakuulizwa. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji bajeti wala mfadhili.

Na walimu, wengi wenu ni rika langu, tumesoma pamoja vyuo, mnajua kutumia kompyuta kuliko huyo dada. Mnaandika kwenye simu ujumbe mrefu kuliko mtihani wa muhula, kisha mnaomba mchapiwe maswali kumi. Ile meseji ya saa nne usiku kwenye kundi la WhatsApp la shule, "dada kesho naomba nikute umeniandalia", mnaionaje mkiisoma tena asubuhi?

Mimi mwenyewe sijasalimika. Kwenye chumba chetu cha habari kuna dada wa ofisi. Ijumaa nilirudi kazini nikiwa na hasira takatifu ya kuandika haya yote, nikapita mezani kwake, nikaweka risiti zangu za nauli za mwezi mzima ambazo nilitakiwa kuzijazia fomu mwenyewe, na mdomo wangu ukasema, bila kuniomba ruhusa: "Dada, mara moja tu..."

Nilizichukua zile risiti nikarudi nazo. Fomu ile ilinichukua dakika arobaini. Arobaini! Kwa mwaka mzima nimekuwa nikizichukua kutoka kwa mtu mwingine nikidhani ni dakika mbili.

Kule shuleni, nilipokuwa nainuka kwenye benchi, nilimuonyesha dada ile orodha yangu ya mistari 23. Aliisoma taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Hakucheka wala hakushangaa. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Na lako mdogo wangu umeliweka wapi?"

Nililiweka la 24. Lilitakiwa kuwa la kwanza.

Naomba kuwasilisha. Wenye mama, dada au wake wanaokaa kwenye zile meza za nje ya mlango wa mkubwa, wapeni pole, na wanunulieni daftari kubwa. Na uzi wa kufungia kalamu.